Thomas Sugrue na Vyanzo vya Umaskini wa Detroit

Mwezi wa Julai 1967 mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan huko Marekani, uliwaka moto. Watu 43 walikufa katika ghasia hizo, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hapo ndipo mji mkuu wa magari ulipoanza kudhoofika: Weusi walichoma majumba, Wazungu wakahama, viwanda vikawafuata. Mwanahistoria Thomas Sugrue, mzaliwa wa Detroit wa mwaka 1962, amefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba masimulizi hayo yanaanzia mwisho.

Kitabu chake The Origins of the Urban Crisis kilitoka 1996, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na 1998 kikapata tuzo ya Bancroft, inayoheshimiwa sana na wanahistoria wa Marekani. Atakayetaka kulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili asikimbilie neno "asili", kwani umbo lake halionyeshi wingi, na dai zima la mwandishi limo katika wingi. "Vyanzo" ni bora.

Chanzo kimojawapo ni kazi. Baina ya 1947 na 1963, miaka inayosifiwa kuwa ya neema, Detroit ilipoteza nafasi za kazi za viwandani 134,000. Kampuni za magari zilileta mitambo iliyochukua nafasi ya mikono ya watu, zikajenga viwanda vipya nje ya mji na katika majimbo mengine. Weusi, walioajiriwa mwisho na kupewa kazi duni, ndio walioumia kwanza.

Chanzo kingine, ambacho Sugrue anakichambua kwa undani, ni makazi. Tangu 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba, lakini maafisa wake waliuhesabu mtaa wenye Weusi kuwa hatari kwa fedha. Mwaka 1941 mjenzi mmoja aliyekusudia kuwajengea Wazungu nyumba karibu na barabara ya Eight Mile, ubavuni mwa makazi ya Weusi, alinyimwa dhamana hiyo. Akasimamisha ukuta wa saruji, urefu wake karibu nusu maili, kuzitenga pande mbili, dhamana ikatolewa. Ukuta huo ungalipo hata leo.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mikataba ya kuwakataza Weusi kununua nyumba isitekelezwe tena na mahakama. Moja ya kesi hizo ilitoka Detroit yenyewe. Je, ubaguzi ulikoma? La. Sugrue amehesabu vyama visivyopungua 192 vya wakazi wa mitaani vilivyoundwa humo baina ya 1943 na 1965, vingi vikiwa na shabaha ya kuwazuia Weusi wasihamie. Na katika uchaguzi wa meya wa 1949, George Edwards, aliyeungwa mkono na viongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, alishindwa na Albert Cobo, mpinzani wa nyumba za umma katika mitaa ya Wazungu. Hapa ndipo kitabu kinapouma: wafanyakazi wengi Wazungu, ambao nyumba ndiyo iliyokuwa akiba yao pekee, hawakuwafuata viongozi wao.

Yaweza kusemwa kwamba katika kurasa hizo sauti ya Weusi wenyewe inasikika kidogo kuliko ya wanaowafungia mlango. Upungufu huo aliufidia 2008 kwa Sweet Land of Liberty, kitabu kinene kuhusu mapambano ya haki katika majimbo ya kaskazini.

Utafiti wake haukubaki maktabani. Chuo Kikuu cha Michigan kiliposhtakiwa kwa kuzingatia rangi katika kuwapokea wanafunzi, Sugrue alikiandikia ripoti ya kitaalamu kuhusu utengano wa makazi na wa shule jimboni humo. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliruhusu rangi izingatiwe miongoni mwa mambo mengine. Mwaka 2015 alihamia Chuo Kikuu cha New York. Na Juni 2023 mahakama ile ile, katika kesi dhidi ya vyuo vingine, ikaufunga mlango huo.