Mama Mruka Viunzi

Twapenda kuwaeleza habari za Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi. Mwaka 1936, akiwa na miaka 18, alishindana katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin, wala hakupata nishani. Kisha vita vikazuia michezo ya 1940 na 1944. Ilipofanywa London, mwaka 1948, alikuwa na miaka 30 na watoto wawili. Wengine wakasema heri akae nyumbani alee wanawe. Katika mbio za kuruka viunzi, meta 80, alichelewa kuondoka, tena akagonga kiunzi akayumba. Hata hivyo alimfikia Maureen Gardner, Mwingereza. Wote sekunde 11.2. Waamuzi wakatazama picha, wakampa Fanny ushindi. Akarudi kwao na nishani nne za dhahabu. Basi twaona kwamba achelewaye kuondoka aweza kutangulia kufika.