Sweta Kuukuu Imtie Mtoto Joto

Kama unaishi Makete, Njombe au Lushoto, unaijua baridi ya Juni na Julai. Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka, akapata joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Akipoa, hulegea na kuacha kunyonya. Asiponyonya, huzidi kupoa. Joto lake jingi hupotea kichwani, kwa hiyo anahitaji kofia.

Nyumbani kwako pengine iko sweta ya sufu iliyotoboka viwiko. Itoe.

Kwanza tazama mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikashonwa kwa cherehani, iache. Ukiifumua utapata vipande vifupi tu vya uzi. Kama sufu imeshikana kama blanketi, hiyo pia haifumuki.

Je, aliyeivaa alikuwa na upele au chawa? Basi ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko kwa wiki mbili. Vijidudu vya upele hufa baada ya siku chache vikikosa mwili wa mtu, lakini chawa na mayai yake huchukua muda zaidi. Usiichemshe, maana sufu itasinyaa.

Sasa kata nyuzi za mishono kwa wembe, polepole. Anza kufumua shingoni, kwa kuwa sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne usivurugike, kisha uufue kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Uanike ukining'inia. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Chukua sindano ya kroshia. Anza na duara la utosini, ukiongeza mishono kila mzunguko, mpaka duara lifike upana wa sentimeta 11. Hapo usiongeze tena. Endelea kuzunguka mpaka kofia ifunike masikio. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa karibu sentimeta 35. Kama huna rula, mpime kwa kipande cha uzi.

Usitie kamba ya kufunga shingoni, yaweza kumkaba. Ukifuma na soksi, zigeuze ndani kuwa nje kabla ya kumvalisha, ukate kila uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu, hukibana mpaka damu isipite. Mtoto hulia, nawe unadhani ni tumbo. Vua soksi, tazama vidole.

Lakini kofia peke yake haitoshi. Usimwogeshe mtoto mpaka saa 24 zipite tangu azaliwe. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia tu, mjifunike pamoja kwa khanga na blanketi. Baba naye aweza kumbeba hivyo. Wanaume wengine hucheka wakiambiwa. Wacheke, lakini wambebe.

Jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala. Gesi yake haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Jua likichomoza na mtoto akitoka jasho, mvue kofia. Baridi ikirudi, gusa nyayo na tumbo lake. Kama nyayo ni baridi na tumbo lina joto, mrudishe kifuani na umnyonyeshe. Kama na tumbo ni baridi, au hataki kunyonya, mpeleke zahanati saa hiyo hiyo, akiwa kifuani njia nzima.