Kutoa pete kwenye kalibu: maji kwanza, nyundo weka mbali

KIASHIRIA CHA KIPINDI KINASIKIKA, KISHA KINASHUKA TARATIBU

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na ninyi mnaojifunza usonara, mnaosubu pete na herini kwa fedha au kwa ile shaba ya manjano ya mabomba na makufuli mabovu. Studio nimekaa na fundi wa siku nyingi. Mzee, shikamoo.

FUNDI: Marahaba, binti yangu.

MTANGAZAJI: Watu wengi wanaogopa pale madini yanapoyeyushwa.

FUNDI: Moto unaonekana, ndiyo maana unaogopwa. Mimi nahofia zaidi dakika zinazofuata. Madini yameshamiminwa, kijana ana hamu ya kuona pete imetokaje, anachukua nyundo na kuanza kugonga plasta ikiwa kavu. Vumbi linatimka, analipuliza kwa mdomo, anaendelea.

MTANGAZAJI: Lina nini vumbi hilo? Si chokaa tu?

FUNDI: Si chokaa. Kalibu yetu tunaimimina kuzunguka umbo la nta, ndani ya mkebe wa chuma. Ule unga ni jasi iliyochanganywa na silika, yaani jiwe la aina ya mchanga lililosagwa laini sana. Jasi peke yake haiwezi kustahimili tanuri, maana tunapochoma nta itoke, joto linafika kama nyuzi 700. Silika ndiyo inayoishika kalibu isipasuke. Lakini ikivunjwa kavu, chembe zake ndogo zaidi huwezi kuziona kwa macho. Zinapita puani na kooni mpaka chini kabisa kwenye mapafu, na hazitoki.

MTANGAZAJI: Naomba wasikilizaji watege sikio hapa. Mapafu yakikaa na vumbi hilo yanapata makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka mingi: mtu anaanza kuhema akipanda kilima alichokuwa anakipanda bila shida. Tena mwenye mapafu ya namna hiyo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Sisi tunaolala watu wengi kwenye nyumba moja tunajua maana yake.

FUNDI: Na kitambaa ulichojifunga mdomoni hakizuii chembe hizo. Barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni inasaidia. Ila ukiwa nayo au huna, usivunje plasta kavu.

MTANGAZAJI: Sasa itoke vipi?

FUNDI: Kwa maji, mkebe ukiwa bado na joto. Plasta ikikutana na maji ya baridi inachemka, inapasuka, inamong'onyoka yenyewe. Pete inabaki karibu safi.

MTANGAZAJI: Hapo si ndipo watu wanapoungua?

FUNDI: Wanaungua kwa haraka yao. Juu ya mkebe hubaki donge la madini. Nje linaweza kuonekana limeganda kumbe ndani bado ni uji. Ukilizamisha, maji yanageuka mvuke ghafla, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Inarusha maji na madini usoni. Kwa hiyo subiri wekundu uishe kabisa. Mkebe mdogo huchukua kama dakika 10 hadi 15, lakini usitegemee saa, tegemea rangi, na uitazame kivulini. Kwenye jua letu hili, kitu chekundu kinaonekana cheusi.

MTANGAZAJI: Na chombo?

FUNDI: Debe la chuma lenye maji mengi. Ndoo ya plastiki itatoboka. Shika mkebe kwa koleo refu, simama upande upepo unakotoka, zamisha, na usiinamie kuchungulia, maana mvuke ule nao unabeba chembe. Vaa glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho, nguo ya pamba yenye mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni inayeyuka na kushika ngozi. Kandambili sitaki hata kuzisikia.

MTANGAZAJI: Mkebe ukishapoa kabla hujauzamisha?

FUNDI: Usirudi kwenye nyundo! Uloweke mpaka plasta ilainike, uichokoe ndani ya maji. Kito ulichokisubu pamoja na jiwe pia fanya hivyo: acha kipoe chenyewe ndipo ukiloweke, ama jiwe litapasuka. Masalio yasugue kwa mswaki wa zamani, humo humo majini.

MTANGAZAJI: Wengine wanamalizia kwa maji ya betri.

FUNDI: Hiyo ni tindikali kali, inakula ngozi na macho. Tumia tindikali ya limau ya unga kwenye maji ya moto. Inachelewa kidogo, lakini pete haina haraka.

MTANGAZAJI: Mtu akiungua, ampeleke mkono kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avue pete na bangili kabla ya kuvimba, kisha aende zahanati. Asipake dawa ya meno wala mafuta. Mzee, maji yenyewe ni ya foleni. Yale ya debe tunamwaga?

FUNDI: Hapana. Yaache usiku kucha, tope litatua chini. Maji ya juu yatumie tena kusubu kesho, lakini si kwa kunywa wala kupikia, na debe hilo lisirudi jikoni. Tope lifunge kwenye mfuko likiwa bado bichi, ulipeleke shimo la taka. Ukilimwaga mlangoni litakauka, na watoto watalichezea. Sakafu ifute kwa tambara bichi, usifagie. Na ile nguo ya kazi usiikung'utie ndani unakolala.

KIASHIRIA KINAPANDA