Kiyoyozi kinavyokula faida ya duka na gesti, na namna ya kukibana

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Pwani huwa halina mzaha. Dar es Salaam, Tanga, Lindi na Mtwara hali huwa moja: mchana jua, usiku fukuto. Ndiyo miezi ambayo wenye viyoyozi hununua umeme wa LUKU asubuhi, na kabla wiki haijaisha mita inaanza kulia tena.

Kiyoyozi si anasa ya matajiri peke yao siku hizi. Mwenye saluni anakihitaji ili mteja akae. Mwenye gesti anakihitaji ili chumba kipate bei. Mwenye duka la dawa anakihitaji kwa sababu dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Wapo pia wakulima wanaoweka fedha za korosho kwenye nyumba yenye fremu mbele na vyumba vya kupangisha nyuma, vyote vikiwa kwenye mita moja.

Tatizo ni kwamba wengi hupiga hesabu ya bei ya kununua mashine, lakini hawapigi hesabu ya kuiendesha.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, kile ambacho mafundi hukiita cha hospawa moja na nusu. Cha aina ya zamani hula takriban kilowati 1.2 kompresa inapofanya kazi. Kikiwashwa saa tatu usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, ni saa tisa.

Ukikiweka nyuzi 18 katika joto la Pwani, kompresa haipumziki kwa sababu chumba hakifiki huko. Saa tisa mara 1.2 ni uniti 10.8. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 3,780 kwa usiku, na shilingi 113,400 kwa siku 30.

Sasa tuseme umekiweka nyuzi 25, chumba kimezibwa vizuri, na kompresa inafanya kazi nusu ya muda. Utatumia uniti 5.4 kwa usiku, yaani shilingi 56,700 kwa mwezi. Gesti ya vyumba kumi inayojaa kila siku itakuwa imeokoa shilingi 567,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni faida iliyokuwa ikipotea bila kuandikwa kwenye daftari lolote.

Kwa mteja mdogo wa nyumbani kuna jambo jingine. Bei nafuu ya umeme ni ya wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hata kwa matumizi hayo ya nafuu, kiyoyozi kimoja hufikisha uniti 162. Anayekifunga ajue kwamba ataondoka kwenye kundi hilo, na taa na friji lake vitalipiwa bei ya juu.

Zuia joto kabla ya kununua baridi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto la ndani na kulitupa nje. Kwa hiyo kila joto unaloliacha liingie, unalipa ili litolewe.

Mlango mkubwa wa joto ni paa. Bati lisilo na dari chini yake huwa kama jiko juu ya kichwa. Anza na dari, na kama fedha inaruhusu, paka bati rangi nyeupe ili lirudishe jua. Madirisha yanayotazama magharibi yawekewe pazia zito au kivuli cha nje, iwe ni baraza, turubai au mti. Kivuli cha nje hufaa zaidi ya pazia, maana huzuia jua kabla halijagusa kioo.

Kisha tazama nyufa. Madirisha ya vioo vya kupanga huvujisha hewa hata yakifungwa, na uwazi chini ya mlango hupitisha fukuto usiku kucha. Mpira wa kuziba pembeni na kitambaa kizito chini ya mlango havigharimu sana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa usipoziba ufa utanunua umeme.

Kwa wenye maduka, friji la soda lililo ndani ya chumba chenye kiyoyozi humwaga joto lake humo humo. Unalipa umeme wa friji, halafu unalipa tena kiyoyozi kuliondoa joto hilo. Likiweza kukaa barazani penye kivuli na usalama, lihamishe.

Rimoti na feni

Kushusha rimoti hadi 16 hakupoozi chumba haraka zaidi kwa kiyoyozi cha kawaida. Kinapooza kwa kasi ile ile, ila kinachelewa kusimama. Nchini India, ambako joto ni kali kuliko letu, serikali iliagiza kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Mamlaka ya huko inakadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha huokoa takriban asilimia 6 ya umeme.

Weka 25 au 26, na washa feni. Feni ya wati 60 kwa saa tisa hula umeme usiofika shilingi 200, lakini upepo wake hukufanya ujisikie vizuri kama aliyeshusha nyuzi mbili au tatu.

Usafi na gesi

Chujio la ndani lioshwe kwa maji kila baada ya wiki mbili hadi nne, hasa barabara ikiwa ya vumbi. Likiziba, mashine huhema bila kupooza. Mashine ya nje isifungiwe pembe isiyo na hewa, na kwa walio karibu na bahari isafishwe kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, umeme ukiwa umezimwa kabisa.

Kuhusu gesi, msomaji azingatie hili: gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba miaka yote. Fundi anayekuja kuongeza gesi kila mwaka bila kutafuta panapovuja anatibu homa bila kupima ugonjwa. Mwambie azibe kwanza, ndipo ajaze.

Unaponunua

Chumba cha mita tatu kwa nne kinatoshwa na BTU 9,000 kikiwa na dari na kivuli. Kikubwa mno huwaka na kuzima mara kwa mara, na huacha unyevu. Kama kitawaka saa nyingi kila siku, chagua cha inveta, ambacho hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Bei yake iko juu, lakini hujirudishia kwa umeme.

Kuwa mwangalifu na mtumba. Vingi vya zamani hutumia gesi ya R22, ambayo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi zinazoendelea zinatakiwa karibu kuimaliza ifikapo 2030. Vingine vilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 wa Japani, na huhitaji transfoma.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jaribio. Usiku andika uniti zilizobaki kwenye LUKU, na asubuhi soma tena. Usiku wa pili ziba nyufa, weka 25, washa feni, kisha soma upya. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayokwambia uanze na dari, chujio au mashine mpya.