Skrubu ya Kabureta Iguswe Mwisho

Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, liliunganishwa hapa Kenya na kwa miaka mingi likabeba abiria wa Bonde la Ufa. Yaliyosalia Eldoret, pamoja na Datsun na Land Rover za rika lake, hulalamikiwa jambo moja: barabarani yanakimbia vizuri, lakini yakisimama kwenye foleni injini inatetemeka, inapanda na kushuka, kisha inazima. Boneti hufunguliwa, bisibisi hushikwa, na skrubu ya kabureta huzungushwa mpaka ngurumo itulie. Nashikilia kwamba skrubu hiyo ndiyo ya kuguswa mwisho, na katika mji huu kuliko mwingine.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Jeti ya kabureta ni tundu lisilobadilika. Haitambui kwamba hewa imepungua. Kabureta iliyopimiwa pwani hapa huzidisha petroli kwa takriban moja ya kumi, na plagi hushika masizi. Sasa ongeza uzee: gasketi ya manifoldi iliyokauka, au mpira wa kifaa cha breki uliopasuka, unaoingiza hewa isiyopitia kabureta. Hewa hiyo hupunguza ukali wa petroli, hivyo kasoro mbili huvutana na injini ikatulia kwa bahati tu. Ukiziba ufa, mtikisiko unaweza kuzidi, na gasketi mpya ikalaumiwa bure. Ushahidi uko kwenye plagi. Ufa haugawi hewa sawasawa: silinda iliyo jirani nao hutoa plagi nyeupe, zilizo mbali hutoa nyeusi.

Wapo watakaouliza: kama kuzungusha skrubu kunatuliza gari, kosa liko wapi? Ni kwamba skrubu moja hulisha silinda zote. Ukiifungua ili kuokoa ile iliyokauka, nyingine zinalowa, na petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo anza na plagi, pointi na nafasi za vali. Kisha, injini ikinguruma, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi (petroli usithubutu, itawaka) na usikilize sauti inapobadilika. Gari likienda ukikanyaga mafuta na kuzima ukiachia, jeti ndogo ya mwendo wa chini huenda imeziba: ipulize kwa hewa, usiichokoe kwa waya, kwani tundu litapanuka. Mwenye geji ya mvuto wa manifoldi naye akumbuke kuwa kipimo hushuka takriban inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini nzima inayosoma 20 pwani itasoma 13 hivi hapa, na asiyejua hilo ataihukumu imechoka.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema nunua kabureta mpya, uchoke mara moja. Wana haki pale mhimili wa kilango cha hewa unapocheza ukitikiswa kwa mkono, maana hapo hewa huvuja na hakuna marekebisho yatakayodumu, isipokuwa fundi wa mashine ya kukereza auwekee bushi. Lakini kabureta mpya nayo kwa kawaida hutoka kiwandani na jeti za nchi tambarare, na itahitaji ndogo zaidi kabla ya kutulia Eldoret.