Uko na Mbwa Mkubwa wa Kuokota Ngao? Hivi Ndivyo Utampatia Home ya Ukweli

Wacha tuambiane ukweli. Ukiposti picha ya kadogi ka wiki sita, dakika tano haziishi kabla watu waanze kupigana nani atakachukua. Ukiposti mbwa wa miaka minne, sikio limeraruka kidogo, unapata "woiye" kumi halafu kimya.

Kama wewe ni wa Ngao ama Tarasaa, hii story unaijua. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, watu walihama na watoto, magodoro na mbuzi. Kwa mbio kama hizo, mbwa ndiye wa mwisho kufikiriwa.

Sasa tuseme mmoja aliishia kwenu. Tumwite Simba, juu kila mtaa Kenya uko na Simba. Ulimpea maji, ugali na vichwa vya samaki ukisema ni siku mbili tu. Miezi imepita, na mathee ameanza kuuliza, "Mwanangu, huyu mgeni anaondoka lini?"

Usipanik. Lakini pia usimpe mtu wa kwanza kusema "leta". Fuata hii njia.

1. Jua uko na nini mkononi

Kadogi ni bahati nasibu. Hujui kataota meno ya aina gani wala kataku-vibe aje na watoto. Simba ashamaliza kukua. Ile saizi unaona ndiyo hiyo, na ile tabia umekaa nayo ndiyo hiyo. Ashapita stage ya kutafuna slippers.

Kwa shamba za huku, hiyo ni kitu kubwa. Mwenye maembe na mahindi anajua vile nyani na tumbili wanaweza kummaliza. Mbwa mzima anaanza kubweka mapema, hahitaji mwaka mzima wa kulelewa.

Wewe ndiye umeishi naye, so wewe ndiye unajua anaogopa nini, analala wapi, na anaangalia kuku kwa jicho gani. Hakuna mwingine ako na hiyo rada.

2. Chanjo kwanza, story baadaye

Hapa hakuna mchezo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na watu wengi duniani hukipata kupitia mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza hivyo vifo kufikia 2030. Simba asitoke kwako bila sindano.

Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti chanjo inatolewa lini na wapi, kisha weka ile kadi vizuri. Chanjo inarudiwa kila mwaka, so kadi inaenda na mbwa. Ongeza dawa ya minyoo na ya kupe. Kama ni jike, ulizia kufungwa kizazi, dume ahasiwe. La sivyo mwakani utakuwa unatafutia mbwa saba makao.

Na akiuma mtu, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hosi siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ni mgonjwa.

3. Tangazo liwe na ukweli wote

Usiandike "mbwa mzuri, wahi". Andika hivi: "Simba, dume, kama miaka 4 tukiangalia meno. Amechanjwa. Ni mpole kwa watoto. Anafukuza kuku. Radi ikipiga anaingia chini ya kitanda."

Utaona kama unamharibia jina. Hapana. Mwenye kuku 30 atapita tu, na hiyo ni poa, juu angemrudisha kwa wiki moja ama amfanyie kitu kibaya. Yule asiye na kuku sasa anajua ni nini anapata.

4. Uliza maswali kabla ya kusema ndiyo

Nani anabaki nyumbani mchana? Atakula nini, na nani analipia? Atafungwa mnyororo siku nzima? Mbwa wa kufungwa saa 24 hugeuka mkali, na hapo lawama inakuja kwako.

Ulizia majirani pia. Huku Garsen tunaishi Wakristo na Waislamu pamoja, na kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi. Hiyo si chuki. Mbwa wa kulinda boma ama mifugo anakubalika, ila anakaa nje na ako na chombo chake. Ongeeni mapema kuliko kuanzisha vita ya mtaa.

Halafu swali kubwa kuliko yote: maji yakipanda, Simba anaenda wapi? Mtu akicheka, huyo si yeye. Mtu akisema, "Tuna shamba juu kwa mlima kidogo, tutaenda naye na mbuzi," huyo sasa mnaongea.

5. Mkabidhi polepole

Aje amtembelee mara mbili tatu. Siku ya kuhama, mpeleke mwenyewe. Kumfunga kwa gunia nyuma ya boda ni njia ya kumvunja roho kabla hajafika. Mbebe na bakuli lake na kale kagunia analalia, harufu ya nyumbani itamtuliza.

Waambie wamuweke ndani ya ua siku za kwanza, juu atajaribu kurudi kwako. Watu wa mbwa hutumia hesabu rahisi: siku 3 za woga, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ndio ajue hapa ni kwetu. Na mkubaliane kitu kimoja: ikikataa, anarudi kwako, hatupwi.

Ngao ikikosa mtu, panua hadi Malindi, ama uwasiliane na KSPCA, shirika la Nairobi linalotafutia wanyama makao. Piga simu kwanza, usitume mbwa kwa basi ukiomba Mungu.

Kumwacha stage ya Garsen usiku si solution. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaweka kumtelekeza mnyama kwa mateso kuwa kosa.

So anza sasa maji yakiwa chini. Mvua ya Machi ikishika, kila mtu atakuwa anatafuta pa kuhamia, na hakuna atakayekuwa na time ya kusikia story ya Simba.