Chennai: Safari ya Matibabu na Swali Tulilolisahau Nyumbani

Jiji la Chennai liko kusini mashariki mwa India, kwenye ukingo wa Ghuba ya Bengal. Hadi mwaka 1996 liliitwa Madras. Ni makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, na lugha ya wenyeji ni Kitamil. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hajihisi mgeni sana huko: joto lake lina unyevu kama wa kwetu, madafu huuzwa kando ya barabara, bajaji hupenya kila upenyo, na jua huchomoza baharini. Hata hivyo, kwa familia nyingi za Afrika Mashariki jina la jiji hili halikumbushi matembezi. Linakumbusha rufaa, michango ya ukoo na viwanja vilivyouzwa.

Mimi ni muuguzi. Nilifika Chennai nikimsindikiza mjomba wangu, mzee wa miaka 67 aliyekuwa na saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alianza kwa kukwamwa na nyama, kisha ugali, kisha wali, hata ikafika siku uji wenyewe ukapita kwa shida. Nasimulia safari yetu kwa ridhaa ya watoto wake, ili anayejiandaa kuondoka, na mhudumu wa afya anayemwandikia karatasi, wapate la kujifunza.

Jiji la matabibu

Sifa ya Chennai katika tiba haikuzuka jana. Hospitali kuu ya serikali ya jiji hilo ina asili yake katika zahanati ndogo iliyofunguliwa mwaka 1664 ndani ya ngome ya Waingereza, Fort St. George. Chuo cha tiba cha Madras kilianza mwaka 1835. Miongoni mwa wahitimu wake ni Dkt. Muthulakshmi Reddy, aliyemaliza masomo mwaka 1912, zama ambazo mwanamke daktari alikuwa ajabu, na ambaye mwaka 1954 alianzisha taasisi ya saratani katika mtaa wa Adyar. Ni katika jiji hilo pia ambapo mwaka 1986 Dkt. Suniti Solomon na mwanafunzi wake Sellappan Nirmala waligundua maambukizi ya kwanza ya virusi vya UKIMWI nchini India. Mwaka 1983 ilifunguliwa hospitali binafsi ya Apollo, na baada yake nyingine nyingi, ambazo zimevuta wagonjwa kutoka Bangladesh, Omani na Afrika.

Katika mtaa wa Greams Road na vichochoro vyake, nyumba za wageni zimejaa wagonjwa na ndugu zao. Jikoni hukutana mama wa Dhaka na mama wa Tanga, kila mmoja akipika chakula cha mgonjwa wake. Kwa Mwislamu misikiti ipo karibu, kwa Mkristo makanisa yapo, na maduka ya dawa hayana idadi.

Wali na “vali”

Siku ya tatu madaktari walimpitishia mjomba kijibomba cha waya laini kwenye umio ili njia ifunguke. Kesho yake alipoamka, muuguzi alimuuliza kwa ishara anataka nini. Mjomba akajibu neno moja: “Wali.” Yule binti akashtuka, akaleta kadi yenye nyuso kumi za kupimia maumivu. Mjomba akarudia, safari hii kwa sauti zaidi: “Wali!” Akaanza kuandaliwa sindano.

Nilipoingia ndipo mambo yalipofumbuliwa. Kwa Kitamil neno “vali” maana yake ni maumivu. Tulicheka sote, na mchana aliletewa wali laini uliochanganywa na mtindi, chakula cha kawaida cha watu wa huko. Alikula vijiko sita polepole. Ulikuwa wali wake wa kwanza baada ya miezi minne.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kina funzo. Mgonjwa asiye na mkalimani anaweza kupewa dawa asiyoihitaji, au kunyimwa anayoihitaji. Tena watu wa kusini mwa India hutikisa kichwa huku na huku wakimaanisha ndiyo, jambo ambalo kwetu huonekana kama kukataa. Omba mkalimani kila mara inapozungumzwa idhini ya upasuaji, na usitie saini jambo ulilolielewa nusu.

Hesabu nazo zina mtego wake. Neno letu “laki” limetoka kwao na maana ni ile ile, elfu mia moja. Lakini laki moja ya rupia ni mamilioni ya shilingi za Tanzania. Nimeshuhudia familia ikiitikia gharama kwa furaha, kisha ikalia jioni baada ya kupiga hesabu.

Jibu tulilokwenda kulitafuta

Sasa nifike kwenye jambo zito. Daktari bingwa alituita, akaketi, akatandaza picha mezani. Alisema saratani imeshafika kwenye ini; upasuaji hautamponya; kijibomba kitamsaidia kula, dawa zitatuliza maumivu, na baada ya hapo mahali pazuri kwa mzee ni nyumbani kwake.

Maneno hayo tulikuwa tumekwisha kuyasikia. Wiki saba kabla, daktari wa hospitali yetu ya rufaa alisema hivyo hivyo, na kijibomba kile kile alikuwa tayari kukiweka. Familia haikumwamini. Dalali mmoja wa safari za matibabu alikuwa ameshawaambia kwamba India hakuna lisilotibika. Kiwanja kikauzwa, ng’ombe wanne wakauzwa.

Na mimi? Kikao cha ukoo kilinigeukia kikaniuliza: “Wewe ndiye mtu wa hospitali, unasemaje?” Nilijua maana ya picha zile. Nikasema, “Tujaribu.” Niliogopa kuonekana mpwa anayemkatia mjomba wake tamaa. Ukimya wangu ndio ulioiponza familia ile kuliko maneno ya dalali.

Usiku ule nilimweleza mjomba yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, ungeniambia mapema. Kiwanja kile kilikuwa cha wajukuu.”

Somo la Madras kuhusu nyumbani

Nikiwa huko nilikumbuka jambo nililofundishwa chuoni bila kulitilia maanani. Mwaka 1956, katika kituo cha utafiti wa kifua kikuu jijini Madras, watafiti waligawa wagonjwa makundi mawili. Kundi moja lililazwa katika hospitali maalumu, likapumzishwa na kulishwa vizuri. Jingine lilitibiwa nyumbani, katika vyumba vilivyosongamana na kwa chakula duni. Dawa zilikuwa zile zile, kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959 yaliushangaza ulimwengu: waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, na ndugu waliokaa nao hawakuambukizwa zaidi ya wale wa kundi la pili. Leo mgonjwa wa kifua kikuu akimezea dawa nyumbani kwetu huku dada yake akimsimamia, anavuna matunda ya utafiti ule.

Sisemi kwamba saratani ni sawa na kifua kikuu, wala kwamba watu wasiende Chennai. Wapo waliokwenda na moyo mgonjwa au figo zilizochoka, wakarudi wazima. Ninachosema ni kwamba umbali si dawa. Kinachotibu ni matibabu sahihi kwa ugonjwa uliopo, na mengi sasa yanapatikana hapa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ni ushahidi: upasuaji wa moyo ambao zamani ulitupeleka ng’ambo unafanyika Dar es Salaam.

Kabla ya kukata tiketi

Kwa mgonjwa na familia, muulizeni daktari swali hili, na ajibu kwa maandishi: safari hii ni ya kuponya, ya kurefusha maisha, au ya kupunguza mateso? Ombeni kumbukumbu za vipimo zitumwe kwanza kwa mtandao, mpate maoni ya pili kabla ya kuuza chochote. Sisi tungefanya hivyo, kiwanja kingekuwapo. Mkiamua kwenda, bebeni picha halisi na sampuli za nyama zilizohifadhiwa, si majibu ya karatasi tu. Ombeni viza ya matibabu kwa mgonjwa na viza ya msindikizaji kwa ndugu. Ulizeni ubalozi kuhusu cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo huhitaji siku 10 kabla ya kukubalika. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, hivyo pangeni upya saa za dawa. Epukeni miezi ya Aprili hadi Juni kwa ukali wa joto, na Oktoba hadi Desemba kwa mvua kubwa, ikiwa ugonjwa unaruhusu kungoja.

Kwa wahudumu wa afya, hakikisheni anayerudi ana muhtasari wenye majina halisi ya dawa, kwa kuwa majina ya kibiashara ya India mara nyingi hayajulikani katika maduka yetu. Na msiikimbie kauli ngumu. Familia isipoambiwa ukweli na sisi, itaununua kwa bei kubwa kwingine.

Jioni ya mwisho nilimpeleka mjomba ufukwe wa Marina. Mchanga wake ni mpana ajabu, na wenyeji hukaa kwa maelfu wakila dengu za kuchemsha na bajia za pilipili. Kuogelea hapo ni hatari kwa mikondo ya maji, hivyo tuliketi tu. Alinunua dafu, akalinywa lote bila kukwama.

Aliishi miezi mitano baada ya kurejea. Timu ya tiba shufaa ya wilaya ilimtembelea kila wiki na chupa ya mofini ya maji, na wajukuu walimlisha uji na wali laini. Alifariki usingizini, kitandani kwake, bila maumivu. Huduma hiyo yote ilikuwapo umbali wa kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani kwake, tangu siku ile kikao kiliponiuliza nami nikashindwa kujibu.